Afadhali Mmoja Afike Mwisho Kuliko Sita Wafike Mlangoni



Kila mwaka, mwezi wa 9 unapokaribia, vijana wawili watatu hutusubiri karibu na mlango wa sakristia baada ya Misa ya pili. Hawaji kuuliza habari za sakramenti. Mmoja anauliza kama mtu asiye na diploma ya Taifa anaweza kupokelewa katika mafunzo ya umeme. Mwingine anauliza kozi ya ushonaji huchukua muda gani. Wa tatu, kwa sauti ya chini zaidi, anauliza nani atalipa, maana baba yake hana kazi.

Kwa miaka mingi sisi tuliwajibu kwa mawaidha. Tuliwaambia wasali, wavumilie, wapende kazi ya mikono kama Yosefu wa Nazareti. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakuwa majibu. Aliyeuliza njia huonyeshwa njia. Hapewi hotuba juu ya uzuri wa safari. Leo tunataka kuyachukua maswali hayo matatu jinsi yalivyo, yaani kuingia, muda na fedha, kisha tuseme jambo moja ambalo huenda halitawapendeza wote katika vikundi vyetu.

Kosa letu

Tuanze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, kikundi cha vijana cha parokia yetu hapa Lubumbashi kilichanga fedha ili kuwasaidia wenzao kujifunza ufundi. Tulikuwa na bidii. Tuliuza maandazi, tuliimba nyumba kwa nyumba wakati wa Noeli, tukapata kiasi cha kuwaandikisha vijana sita: wawili katika umeme, wawili katika ushonaji, mmoja katika useremala na mmoja katika kuchomelea vyuma. Walibarikiwa mbele ya altare, watu wakapiga makofi.

Pasaka ilipofika, wanne walikuwa wamekwisha rudi nyumbani. Mmoja alishindwa nauli ya kila siku. Mwingine alikosa vitambaa vya kujifunzia. Wawili walifika hadi wakati wa stajii, lakini hawakuwa na karakana ya kuwapokea wala fedha za mtihani wa mwisho. Tulipomtembelea binti yule wa ushonaji, mama yake alitukaribisha vizuri, akatuwekea viti, kisha akasema bila hasira: "Mwalimu, mlimnunulia mtoto mlango, hamkumnunulia nyumba."

Neno hilo limekaa nasi. Binti yake hakuwa mvivu. Hakuna mtu aliyemwambia mapema kwamba minervali haikuhesabu vitambaa, nyuzi wala sindano za mashine. Na sisi tuliomtuma hatukuuliza. Tangu siku hiyo tunaamini kwamba kijana aliyeachwa katikati ya mafunzo anaumia kuliko yule ambaye hajaanza. Amepoteza fedha na mwaka mmoja, na mtaani anaitwa mtu aliyeshindwa, hali walioshindwa ni wale waliomtuma bila hesabu.

Kuingia

Milango ya ufundi ni mingi, na kila mlango una kizingiti chake.

Wa kwanza ni wa shule. Mwisho wa mwaka wa 8 wa elimu ya msingi, mwanafunzi hufanya mtihani unaoitwa TENASOSP, ambao kazi yake ni kuchagua na kuelekeza. Kutoka hapo anaweza kuelekea masomo ya jumla, ya ualimu, au ya ufundi. Hapa nasi tuliosomea ualimu tuna deni. Mara ngapi darasani tulimwambia mtoto mzembe kwamba ataishia gereji, kana kwamba gereji ni adhabu? Wazazi walitusikia, na mpaka leo wengi wao hudhani kwamba ufundi ni wa wale waliokosa alama. Mtu wa umeme asiyejua hesabu anaweza kuunguza nyumba ya watu. Ufundi unahitaji vichwa vizuri sawasawa na mikono mizuri.

Mlango wa pili ni wa Taasisi ya Taifa ya Matayarisho ya Kazi, ambayo wote tunaijua kwa herufi zake, INPP. Iliundwa mwaka 1964, nayo ina vituo katika miji mikubwa, Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani ikiwamo. Kituo chake cha hapa kwetu kilipanuliwa kwa msaada wa Japani. Masharti ya kupokelewa hutofautiana kwa kila kozi: ipo inayodai masomo ya sekondari, na ipo inayomtaka mtu ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa hiyo kijana asijifungie mlango mwenyewe kwa kusikia tu kwamba "pale wanataka diploma". Aende aulize kuhusu kozi ile anayoitaka.

Mlango wa tatu ni wa vituo vya mafunzo kwa wale walioacha shule mapema. Vingi viko mikononi mwa mashirika ya watawa, parokia au huduma za Mambo ya Kijamii. Wasalesiani, waliofika Katanga mwaka 1911, wamefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 100. Na mlango wa nne ni wa zamani kuliko yote: kukaa kwa fundi katika karakana yake na kujifunza kwa kuona na kutenda.

Mlango wowote utakaouchagua, usilipe kabla hujauliza haya. Kituo kinatambuliwa na wizara ipi, na hati ya kukitambua iko wapi? Mwisho wa mafunzo hutolewa karatasi gani, breve au cheti cha kuhudhuria tu, na nani anaisaini? Je, unaweza kuingia karakana leo na kuona mashine? Wanafunzi wangapi hutumia mashine moja, na je, mashine hiyo inafanya kazi? Msimamizi anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu. Ukilipa, pokea karatasi ya malipo yenye muhuri, uihifadhi. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Muda

Vijana wengi huuliza kozi ipi ni fupi. Tunaelewa. Nyumbani kuna wadogo wanaosubiri kula. Lakini swali lenye faida ni hili: ni muda gani unatosha ili mtu mwingine akuamini na kazi yake?

Katika shule, masomo ya ufundi ya mzunguko mrefu huchukua miaka 4 na kumalizika kwa diploma ya Taifa. Mzunguko mfupi huchukua miaka 3 na kumwelekeza mwanafunzi moja kwa moja kwenye kazi. Katika vituo vya mafunzo kuna kozi za miezi michache na nyingine za mwaka mzima au zaidi. Hakuna aibu katika kozi fupi, mradi ijulikane inafundisha nini. Mtu anayejua tayari kuchomelea anaweza kuongeza ujuzi mpya kwa miezi 3. Mtu asiyewahi kushika kifaa hawezi kuwa fundi kwa muda huo, hata akipewa karatasi yenye mihuri mitatu.

Tunasema hivi kwa sababu hapa Katanga migodi imefungua tamaa kubwa. Toka Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi, vijana wanaahidiwa kwamba baada ya wiki chache wataendesha mitambo mikubwa ya migodini na kulipwa kwa dola. Wazazi huuza kiwanja ili kulipa. Kijana huendesha mtambo mara mbili au tatu, hupigwa picha akiwa ameketi juu yake, hupewa karatasi, kisha mwajiri anamjaribu kwa dakika 10 na kumrudisha nyumbani. Kwa hiyo usihesabu miezi iliyoandikwa kwenye tangazo. Hesabu saa ambazo mikono yako mwenyewe itashika kifaa, kisha uulize kama stajii ni sehemu ya mafunzo, na kama kituo ndicho kinachoitafuta au wewe.

Kuhusu wale wanaojifunza kwa fundi mtaani, kuna mfano unaofaa kukumbukwa. Tarehe 8 Februari 1852, mjini Torino, padre Yohane Bosco alisaini mkataba pamoja na bwana seremala, kijana mwanafunzi na baba wa kijana huyo. Muda uliandikwa: miaka 2. Iliandikwa kwamba fundi atamfundisha kijana kazi yake yote, atamrekebisha kwa maneno na si kwa kipigo, atamwachia siku za Bwana na sikukuu, naye atamlipa ujira unaoongezeka kadiri muda unavyokwenda. Kijana naye aliahidi utii, bidii na heshima. Padre yule alijua kwamba upendo usioandikwa husahauliwa haraka pale kazi inapokuwa nyingi.

Na kwetu, je? Ni vijana wangapi wamekaa kwa fundi miaka 3 wakifagia, wakichota maji na kutumwa sokoni, bila kujua lini watahesabiwa kuwa wamehitimu? Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inautambua mkataba wa uanafunzi. Basi karatasi moja yenye majina, muda, kazi zitakazofundishwa na sahihi za pande mbili si dharau kwa fundi. Inamlinda kijana, na fundi pia, maana kijana asiye na mkataba anaweza kumtoroka siku ile anapoanza kuwa na faida.

Fedha

Hapa ndipo wengi huanguka. Tuanze na lililo wazi: tangu mwezi wa 9 wa mwaka 2019 serikali imetekeleza elimu ya bure katika shule za msingi za umma, kama Katiba inavyoagiza. Ufundi wa sekondari na mafunzo ya kazi hayakuingia humo. Kwa hiyo kijana asidanganywe, naye asijidanganye: atahitaji fedha.

Lakini asihesabu minervali peke yake. Achukue daftari aandike mistari saba: kuandikishwa, minervali, nauli ya kila siku, chakula cha mchana, nguo za kazi pamoja na viatu vya usalama, vifaa na malighafi za kujifunzia, na gharama za stajii pamoja na mtihani wa mwisho. Kisha aongeze mstari wa 8 ambao karibu wote huusahau: vifaa vya kuanzia kazi. Fundi umeme asiye na koleo wala kipimo cha umeme, na mshonaji asiye na cherehani, wana karatasi ukutani na mikono mitupu.

Msaada utatoka wapi? Kwanza, tujue kwamba mafunzo ya INPP yana msingi katika jasho la wafanyakazi. Sheria inawadai waajiri kuchangia kati ya asilimia 1 na 3 ya mishahara wanayolipa, kadiri ya ukubwa wa kampuni. Kwa hiyo kijana anapokwenda pale kuuliza kuhusu bei iliyopunguzwa, au mafunzo yanayofadhiliwa, asiende kama mwombaji wa sadaka. Aende kwa adabu, lakini kichwa kikiwa juu.

Pili, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaidai kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yake kwa ajili ya miradi ya maendeleo ya jumuiya zinazoguswa na uchimbaji. Zaidi ya hayo, kampuni hupatana na jumuiya hizo juu ya orodha ya kazi ambazo itawajibika kuzifanya. Ndugu vijana mnaoishi karibu na migodi, je, mmewahi kuhudhuria mikutano hiyo? Wazee huomba daraja na kituo cha afya, nao wana haki. Lakini ikiwa hakuna kijana anayesimama kusema "tunaomba pia nafasi za mafunzo na vifaa vya ufundi", nani atalisema jambo hilo kwa niaba yenu?

Tatu, kuna nguvu yetu wenyewe. Likelemba imewalisha mama zetu na kuwavusha katika misiba mingi. Kwa nini isinunue cherehani? Vijana 15 wakitoa kiasi kidogo kila Jumapili kwa mwaka mmoja, wanaweza kumkamilishia mwenzao njia yake yote. Tunasema njia yote, na hapo ndipo tunapofika kwenye hoja yetu.

Tunachokipendekeza

Maoni yetu ni kwamba vikundi vyetu viache desturi ya kugawa msaada kidogo kidogo kwa watu wengi. Kama fedha zilizopo zinatosha kumfikisha mmoja mwisho, asaidiwe mmoja. Zikitosha wawili, wasaidiwe wawili. Fedha zote, mistari yote 8, zihesabiwe na kuwekwa kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo, na fungu la vifaa lisiguswe hadi kijana amalize.

Tunajua mtakachotujibu. Mtasema: na wale watano waliobaki je? Kanisa ni la wote, na kumchagua mmoja kutaleta wivu na maneno. Pingamizi hilo lina uzito, wala hatulipuuzi. Tumekwisha kuona kikundi kikigawanyika kwa sababu aliyechaguliwa alikuwa mpwa wa kiongozi. Lakini dawa ya upendeleo ni uwazi. Kumgawia kila mtu kipande kisichotosha hakuondoi upendeleo. Masharti yatangazwe mbele ya wote. Wanaochagua wasiwe ndugu wa wanaochaguliwa. Sababu ya uchaguzi isomwe hadharani. Hesabu zibandikwe ukutani. Na kijana aliyesaidiwa aahidi kwa maandishi kwamba, mwaka mmoja au miwili baada ya kuanza kazi, atampokea mwenzake mmoja wa kikundi na kumfundisha bila malipo, au atarudisha sehemu ya fedha kidogo kidogo. Hivyo mmoja aliyefika mwisho anakuwa mlango wa pili. Wale sita tuliowafikisha mlangoni hawakumfungulia mtu yeyote; hata wawili waliomaliza tuliwaacha waende zao bila ahadi yoyote.

Na wale wanaosubiri zamu wasikae bure. Mwaka wa kusubiri ni mwaka wa kutafuta habari: kutembelea karakana, kuongea na waliohitimu, kuweka akiba, kurudia hesabu. Kwa hesabu na kusoma michoro, sisi walimu wastaafu na walio kazini tunaweza kutoa saa mbili za Jumamosi. Hilo halihitaji mfadhili.

Sisi tulio na miaka zaidi ya 50 tunakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka katika kazi kwa mpango mmoja. Baba waliokuwa wamezoea kupokea mshahara, unga, shule na hospitali kutoka mkono uleule walijikuta uani, wakiitazama mikono yao. Tuliishi mtaa mmoja nao. Wengi waliojua kutengeneza kitu kwa mikono yao, hata kama ni viti au madirisha, walipata pa kuanzia. Waliojua kutii amri tu walipata taabu kubwa, na watoto wao pamoja nao. Hatusemi hayo ili kuwahukumu marehemu. Tunayasema kwa sababu migodi imeanza tena kuita, na kampuni inaweza kuondoka kama ilivyokuja. Ujuzi hubaki na mwenyewe.

Bwana alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi kisha watu wakamcheka. Tumezoea kulisoma neno hilo kwa ajili ya roho. Mwaka huu tulisome pia kwa ajili ya cherehani, kwa ajili ya koleo na viatu vya usalama. Kabla ya mwezi wa 9, kila kikundi kiketi jioni moja na daftari, kiandike mistari ile 8 kwa ajili ya kijana mmoja tu, na kuona jumla yake. Jumla hiyo itawaogopesha. Msikimbie. Ule woga ndio ambao mama yule alitaka tuuone kabla hatujamtuma binti yake.

Yeye, tumwambie msomaji, alirudi baadaye kumaliza masomo yake, kwa fedha alizopata mama yake kwa kuuza mkaa. Leo anashona sare za wanafunzi si mbali na kanisa. Alipokubali kumpokea binti mmoja wa kikundi chetu ili amfundishe, alituuliza swali moja: "Safari hii, Mwalimu, mmehesabu vitambaa?"

Tulimjibu kwamba tumehesabu. Alituomba daftari, akalisoma mstari kwa mstari, na kuongeza nyuzi tulizokuwa tumezisahau.